Tuwape Nafasi ya Kusoma Wanaotufundisha Biblia Mtaani

Nianze na swali. Nani anakufundisha Biblia mtaani kwako?

Usikimbilie kumtaja padri au mchungaji. Huyo unamwona Jumapili, na ukichelewa kupata nafasi mbele unamwona kwa mbali. Namuulizia yule anayesoma somo na kulifafanua Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, jumuiya imekaa kwenye viti vya plastiki uani kwa mtu, huku kila mmoja akichungulia saa kwa sababu biashara inamngoja. Namuulizia yule anayewafundisha watoto wetu chini ya mwembe wakati wakubwa wako ibadani. Yule anayegongewa mlango usiku wa manane akasali na mgonjwa kule Charambe, Toangoma au Mabwepande, na asubuhi anatakiwa awe kazini kama kawaida.

Huyo ni nani hasa? Mara nyingi ni mama mwenye genge la mboga. Ni fundi seremala, mlinzi wa zamu, mwalimu wa shule ya msingi, dereva wa bajaji. Wakatoliki wana katekista na mwenyekiti wa jumuiya, Walutheri wana mwinjilisti na mzee wa kanisa, na makanisa mengine yana majina yao. Kazi ni ile ile.

Basi wito wangu leo ni kwa huyo, na kwa nyinyi nyote mnaoishi naye. Akasome. Akasome theolojia kwa mpango, apate astashahada yake ya chuo, bila kuacha kazi na bila kuhama nyumba. Nasi tunaobaki tumfungulie njia.

Najua wengi wakisikia theolojia wanaona kanzu nyeupe, seminari iliyozungushiwa miti na miaka mingi ya kulala bweni. Wanasema, hayo si ya watu kama sisi. Kweli?

Hebu tutazame pwani yetu hii hii. Mwaka 1864 Sultani Majid wa Zanzibar alimkabidhi Askofu Tozer wa misheni ya Kianglikana vijana wachache waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa. Mmoja wao alipewa jina la John Swedi. Kijana huyo alisoma, na mwaka 1879 akawekwa wakfu kuwa shemasi. Baada yake akaja Cecil Majaliwa, naye aliyekombolewa utumwani, akawa kasisi mwaka 1890. Chuo chao kilikuwa Kiungani, Unguja. Watoto waliotolewa utumwani ndio waliokuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa pwani hii kuketi wakasoma theolojia. Sasa fundi wa Tandika, mwenye kiwanja chake na simu yake mfukoni, atasemaje kwamba masomo haya si ya watu kama yeye?

Kilichokuwa kigumu zamani ni safari. Mlutheri aliyetaka kusoma alikwenda Makumira, karibu na Arusha, chuo kilichoanzia Lwandai kule Usambaa mwaka 1947 kisha kikahamia Makumira mwaka 1954. Mkatoliki alikwenda Kipalapala au Peramiho. Mwanglikana alipanda gari kwenda Kongwa. Uliaga mke, uliaga watoto, uliacha shamba. Kwa anayekwenda kuwa padri au mchungaji, hiyo ni sawa. Wito wake unadai hivyo. Lakini kwa mama Neema wa Mbagala Kizuiani, mwenye watoto wanne na genge linalofunguliwa alfajiri?

Tatizo hilo halikuwa letu peke yetu. Mwaka 1963 kanisa la Presibiteri huko Guatemala, Amerika ya Kati, liliona kwamba watu wanaoongoza ibada vijijini hasa ni wakulima na wafanyabiashara wadogo, na hao hawawezi kuacha familia kwenda kukaa chuoni mjini. Walimu wakageuza utaratibu. Badala ya mwanafunzi kukifuata chuo, chuo kikamfuata mwanafunzi: anapewa kitabu chenye maswali asome nyumbani, anaendelea na huduma yake, na kwa siku maalumu anakutana na mwalimu na wenzake wajadili. Njia hiyo ilienea duniani ikafika hadi kwetu, na makanisa yetu yakaiita Elimu ya Theolojia kwa Enezi. Wapo wazee mitaani mwetu waliopitia masomo hayo. Waulizeni, watawasimulia.

Serikali nayo ilifanya jambo la namna hiyo kwa masomo mengine. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994, na makao yake kwa miaka mingi yamekuwa hapa hapa Kinondoni. Makamu Mkuu wake wa kwanza alikuwa Profesa Geoffrey Mmari. Wakati ule wako waliocheka: chuo kikuu gani hicho kisicho na mabweni? Leo wahitimu wake wako maofisini, mashuleni, mahakamani na jeshini. Mtu wa Dar es Salaam ameshazoea kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu anaweza kuwa baba mwenye mvi anayesoma sebuleni wajukuu wakiangalia katuni.

Vyuo vya makanisa vimeiona njia hiyo. Kuna masomo ya jioni, kuna ya mwisho wa wiki, kuna ya kukutana kwa siku chache kila baada ya miezi kadhaa, na tangu simu janja zienee kuna ya mtandaoni. Makanisa yenyewe yana vyuo vikuu: Makumira ni cha Kilutheri, Teofilo Kisanji pale Mbeya ni cha Moraviani, St. John's cha Dodoma, kilichofunguliwa mwaka 2007, ni cha Anglikana. Na Buguruni, jirani kabisa na Temeke, Waanglikana wamekuwa na chuo chao cha Mtakatifu Marko tangu siku nyingi.

Lakini unasoma nini huko? Hapa niruhusuni nikae kidogo.

Wakazi wengi wa jiji hili wanaujua mstari wa Yeremia 29:11 hata kama kitabu chenyewe hawajakimaliza. Umebandikwa nyuma ya bajaji. Umechapwa kwenye kadi za mahafali na kalenda za familia. Unazungumzia mema ambayo Mungu amewawekea watu wake siku za mbele, nasi tunaupenda kwa sababu kila mtu anataka mema, tena ayapate kabla ya mwisho wa mwezi.

Mwanafunzi wa theolojia, wiki zake za mwanzo tu, ataulizwa: maneno haya aliandikiwa nani? Akirudi juu kidogo katika sura hiyo hiyo, atakuta kumbe ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu, anawaandikia ndugu zake waliochukuliwa mateka hadi Babeli. Katika sura inayotangulia kuna nabii mwingine, Hanania, anayewaambia watu kwamba mambo yatakwisha ndani ya miaka miwili. Yeremia anasema hapana, ni miaka 70. Kwa hiyo wajenge nyumba huko huko, wapande bustani, waoe na waoze, na wauombee amani mji ule waliomo, kwa sababu mji ukipata amani nao wataipata.

Sasa irudie barua hiyo ukiwa umekaa Mbagala au Bunju. Wangapi wetu tulikuja mji huu kutoka Songea, Lindi, Bukoba au Musoma tukisema tunatafuta maisha miaka miwili mitatu kisha tunarudi? Leo tuna nyumba imefika kwenye lenta, tuna migomba miwili nyuma ya choo, na wajukuu wakiulizwa kwao ni wapi wanajibu Temeke. Mstari tuliouchukua kama ahadi ya kufanikiwa upesi unageuka kuwa neno la uvumilivu, na neno la wajibu kwa mji. Aliyeuelewa hivyo atazibua mtaro mbele ya nyumba yake kabla ya mvua za masika. Atakwenda kwenye mkutano wa serikali ya mtaa hata kama hakuna posho. Kwangu mimi, kujifunza kusoma sura nzima namna hiyo kunatosha kulipia ada.

Kuna masomo mengine pia: historia ya Kanisa, maadili, mafundisho ya imani, ushauri kwa waliofiwa na wenye ndoa zenye shida. Hilo la ushauri msilidharau. Msibani ndipo watu huwa wanyonge kuliko mahali pengine popote, na neno moja lisilofikiriwa linaweza kukaa miaka ishirini moyoni mwa mama aliyezika mtoto. Rafiki za Ayubu walifanya vizuri siku saba walizokaa naye kimya. Waliharibu walipoanza kueleza.

Ipo pia sababu ya kusikitisha, nami nitaisema kwa ufupi. Mwaka 2023 majirani zetu wa Kenya walifukua zaidi ya miili 400 katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Ni watu walioaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watamwona Kristo, na walikuwemo watoto wadogo. Mahakama za Kenya zina kazi yake, sina haja ya kumnyooshea mtu kidole. Nauliza tu: kwenye familia zile, kama angekuwepo mjomba mmoja au shangazi mmoja mwenye mazoea ya kuuliza kwa upole, hilo limeandikwa wapi, na liliandikwa kwa ajili gani, pengine wangeokoka wangapi?

Rwanda walichukua njia ya sheria. Mwaka 2018 walitaka viongozi wa makanisa wawe na shahada ya theolojia, wakawapa miaka 5 ya kuitafuta. Mimi naona ni heri mtu aende mwenyewe kabla hajasukumwa.

Tena tunaishi na majirani wa imani nyingine, na hilo katika Temeke si jambo la kuhutubia, ni la kila siku. Ukoo mmoja una Amina na Anna. Futari tunagawana na pilau la Krismasi tunagawana. Katika kozi nyingi mwanafunzi hufundishwa pia habari za Uislamu na za dini za jadi, afahamu jirani anaamini nini kwa maneno ya jirani mwenyewe. Aliyesoma haogopi swali, na hana haja ya kuongeza sauti ya spika.

Haya, sasa tugawane kazi. Nani afanye nini?

Wewe unayetaka kusoma, anza kwa kuuliza chuo swali moja kabla ya kutoa hata shilingi: mmesajiliwa na nani? Vyuo vikuu viko chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Astashahada na stashahada za vyuo vya kati ziko chini ya baraza la elimu ya ufundi, NACTVET. Majina ya vyuo vilivyosajiliwa yamo kwenye tovuti zao, na kama mtandao unakusumbua, mpe kijana wako wa kidato cha tatu simu akutafutie. Chuo kizuri hakikasiriki ukiuliza. Mafunzo ya kanisa yasiyo na usajili wa namna hiyo nayo yana thamani yake kwa huduma, ila ujue mapema unachokwenda kupata, usije ukakichukua cheti hicho ukaombea nacho ajira ukavunjika moyo.

La pili, tazama cheti chako cha kidato cha nne. Kwa kawaida NACTVET hutaka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. Ndiyo, umesoma sawasawa: hata ukitaka kwenda kusomea dini, ile D ya somo la dini haihesabiwi! Kama umepungukiwa, rudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kama hukusoma sekondari kabisa, kuna Mtihani wa Maarifa wa Baraza la Mitihani unaokufungulia mlango. Umri usikutishe.

Ada je? Kuna kibubu, kuna kikoba. Shilingi 2,000 kwa siku, ukiziweka siku 300, ni shilingi 600,000. Si kila mtu ataweza, lakini ukilinganisha na sare za harusi tunazoshona kila mwaka, wengine tutajikuta tunaweza.

Na muda? Kwenye daladala la Mbagala asubuhi huwezi kufungua kitabu. Mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umekandamiza mfuko wenye simu. Lakini masikio yako huru. Rekodi somo kwa sauti yako mwenyewe usiku, ulisikilize kesho yake kwenye foleni. Wakati mwingine foleni ya barabara ya Kilwa inatosha kipindi kizima cha historia ya Kanisa, kuanzia Mitume hadi Augustino.

Nyumbani, baba ambaye mke wake anasoma, siku mbili kwa wiki jikoni pawe pako. Usingoje kuombwa. Mama ambaye mume wake anasoma, mlinde na wageni wa saa mbili usiku. Watoto, punguzeni televisheni. Hakikisheni umeme wa LUKU hauishi usiku wa kuamkia mtihani. Na muulizeni mwanafunzi wenu, mezani, leo umejifunza nini? Akiweza kulieleza somo kwa mtoto wa darasa la nne likaeleweka, amelielewa.

Waajiri wetu, wenye maduka, viwanda na kampuni za ulinzi, nanyi tunawategemea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mkikubaliana mapema, likizo hiyo inaweza kuangukia wiki za mitihani au za kukutana chuoni, na kazi isiharibike. Mlinzi akiomba kubadilishana zamu na mwenzake, msikilizeni. Mtu anayejifunza maadili jioni ni huyo huyo mnayemwachia funguo asubuhi.

Wachungaji na mapadri, baba zetu, tunajua mnabeba mengi. Parokia moja ya pembezoni mwa jiji ina jumuiya nyingi kuliko uwezo wa miguu ya padri mmoja. Chagueni kila mwaka mtu mmoja au wawili, wanawake wakiwemo, usharika uwalipie hata nusu ya ada. Tunachangia paa, tunachangia vinanda, tunachangia gari la askofu, nalo si baya. Akili ya mwalimu wa watoto wetu nayo ikae kwenye bajeti. Na atakaporudi na maswali mapya, msione ni ukaidi. Mpeni kipindi afundishe wenzake alichokipata.

Rafu moja ya vitabu ofisini kwa parokia nayo ingesaidia sana. Wekeni Biblia ya Union ya mwaka 1952 pembeni ya Habari Njema, watu wasome mstari mmoja katika tafsiri mbili. Wekeni kamusi ya Biblia. Kozi nyingine zina vitabu vya Kiingereza, basi wawili watatu wanaosoma wakutane hapo wasaidiane, aliyeiacha lugha hiyo kidato cha nne asijione peke yake.

Neno dogo kwa watakaohitimu. Astashahada haikufanyi kuwa mchungaji. Kuwekwa wakfu kuna utaratibu wake katika kila kanisa. Wala usitafute cheo cha kuandika mbele ya jina. Mama Neema ataendelea kuitwa mama Neema, na genge lake litaendelea kuuza mchicha. Katika Matendo ya Mitume kuna Priskila na Akila, mke na mume washona mahema. Walimsikia Apolo, msomi fasaha kutoka Aleksandria, wakagundua kuna mambo hajayapata vizuri. Hawakumwaibisha mbele za watu. Walimchukua kwao wakamweleza. Mafundi wale walimsaidia msomi kwa sababu nao walikuwa wamejifunza, na hakuna anayewakumbuka kwa vyeo.

Vyuo vingi huanza mwaka wa masomo kati ya Septemba na Novemba, na vingine hupokea wengine mwezi wa Machi. Kwa hiyo usingoje. Fungua kabati leo ukitafute cheti chako. Kama kimepotea, toa taarifa polisi kisha uwasiliane na Baraza la Mitihani. Na wewe usiyekusudia kusoma, chukua simu umpigie katekista au mwinjilisti wako, umuulize: ada ni kiasi gani, nami nianze kuchangia lini?